Mbwa Hewa: kwa mnaoanza utafiti kwenye vituo vya kuhifadhi mbwa

Kila msimu wa mapendekezo ya utafiti, mambo ni yale yale. Mnataka kujua kama muziki huwatuliza mbwa: spika banda A, kimya banda B, mbwa 20 huku na 20 kule, wiki mbili, jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili), kwisha. Kisha mnauliza kwa upole kama n, yaani idadi ya sampuli, ya 40 inatosha. Wadogo zetu, vuteni viti.

1. Hao 40 ni mbwa hewa. Mnawajua wafanyakazi hewa: majina yamo kwenye orodha ya mishahara, watu hawapo. Muziki hukumpigia mbwa mmoja mmoja, umelipigia banda, na mabanda ni mawili. n yako ni 2. Banda A liko jirani na mapokezi, wageni wanapita humo kutwa. B lina kivuli na mhudumu asiye na haraka. Tofauti uliyoipata ni ya muziki, ya kivuli au ya mhudumu? Tena mbwa mmoja akibweka kwa kusikia ndoo za chakula, kumi wanamwitikia. Umepata kipimo kimoja chenye mwangwi.

Tukiri: sisi tuliotangulia kosa hili tumelifanya, na wengine zaidi ya mara moja, kwa sababu haliumi mapema. Kappa, kipimo cha jinsi waangalizi wanavyokubaliana, inatoka nzuri, video zimepangwa, p ya jaribio ni ndogo hadi inang'aa, bango la mkutano limeshachapishwa. Ndipo mhakiki anauliza swali la mstari mmoja: ni kitu gani hasa kiligawiwa kwa kura? Hapo mtu anamkimbilia mtaalamu wa takwimu kama anayekimbilia mganga, akiomba modeli yenye banda kama athari nasibu, yaani hesabu ya kutenga tofauti za mabanda. Haisaidii. Banda na muziki vilifungwa pamoja tangu siku spika ilipotundikwa, na hakuna hesabu ya kuvifungua. Miezi ya kukaa kwenye harufu ya mkojo imekwenda hivyo.

Dawa yake ilipaswa kuja kabla: kila banda lipate hali zote mbili, siku za muziki na siku za kimya, mpangilio upigiwe kura, mizunguko iwe mingi, na katikati siku moja au mbili za kupumzisha masikio. Unachohesabu ni banda kwa siku. Wala usiikoroge wiki nzima kuwa wastani mmoja. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa 2015 ulionyesha mbwa hutulia kwa muziki wa klasiki mwanzoni, kisha wanauzoea ndani ya siku chache; ule wa 2017 ukabadilisha mitindo, na roki laini na rege zikafanya vizuri. Kipima sauti kiwe usawa wa kichwa cha mbwa. Kubweka ndani ya banda la zege huweza kupita desibeli 100, na spika ya kushindana na hapo ni kelele juu ya kelele.

Halafu kuna wale waliobaki. Mbwa wachangamfu huchukuliwa mapema na watu wa kuwafuga, kwa hiyo wastani wa siku ya 14 unaonekana mbaya hata kama hakuna mbwa aliyebadilika. Mlinganishe kila mmoja na nafsi yake, na andika tarehe ya kuingia, ya kutoka, na sababu.

2. Mkojo: kikombe kwenye fimbo, matembezi ya kwanza asubuhi, kisanduku cha barafu, friza ya nyuzi -20 siku hiyo hiyo. Humo unapima kotisoli, homoni ya msongo; igawe kwa kreatinini, taka ya mwili inayoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani, la sivyo unapima maji aliyokunywa. Pima kabla, wakati na baada. Ule utafiti wa Marekani wa 2019, mbwa 207 katika vituo vitano waliolala nyumbani kwa watu usiku mmoja au miwili, ulikuta kotisoli ikishuka wakiwa nyumbani na kurudi ilikokuwa waliporudi kituoni. Angepima kabla na baada tu, mtafiti angesema hakuna kilichotokea.

3. "Ana wasiwasi" si tabia. Analamba pua, anapiga miayo, ameinua mguu wa mbele: hizo ndizo za kwenye etogramu, orodha ya tabia unazohesabu. Tumia kamera, kwa kuwa ukisimama pale unamwangalia mbwa anayekuangalia.

4. Chanjo ya kichaa cha mbwa: dozi mbili, siku ya 0 na ya 7, kabla ya kumgusa mbwa wa kwanza. Ukiumwa, sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, hata kama umechanjwa. Hapa hatutanii.

5. Ratiba ya usafi ichukue kwa wahudumu kabla hujawasha kamera. Ukirekodi saa mbili asubuhi mipira ya maji ikifunguliwa, umepima mpira wa maji. Na mhudumu akikwambia mbwa wa kizimba cha saba huzungukazunguka akiona ndoo ya buluu tu, iandike. Ndoo ya buluu haimo kwenye etogramu yako.