Kwa mkuu aliyeuliza kama ubaguzi wa weusi Marekani "unatuhusu" sisi tuliohamia

Mkuu umeuliza mambo mawili: wenzako wanakuambia historia ya ubaguzi hapa Marekani ni ya weusi wa hukuhuku, sisi tuliokuja na viza haituhusu, na kama inatuhusu uanzie wapi na ufanye nini. Mi nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, kwahiyo ntajibu kwa kile ninachokishika kila siku, wengine watakuja na ya kwao.

Inatuhusu, na ushahidi wangu ni wa figo. Ili kujua figo zinachuja kiasi gani wanapima kreatinini kwenye damu, ni uchafu ambao figo zinatakiwa kuutoa, afu wanaiingiza kwenye kanuni pamoja na umri na jinsia, inatoka namba, ikiwa ndogo ndo figo zimechoka. Sasa kwa miaka mingi kanuni ile ilikuwa na kipengele kingine, kama we ni mweusi namba yako inazidishwa, ile ya mwaka 2009 ilikuwa inapandisha kama asilimia 16 hivi. Yani damu ileile, kreatinini ileile, mzungu anaonekana figo zimechoka we unaonekana bado unadunda. Na kama hujaanza kuwekwa kwenye mashine, ili uanze kuhesabiwa muda kwenye foleni ya kupandikizwa figo namba lazima ishuke mpaka 20. Mwenzio kasoma 20 kaanza kuhesabiwa, we mwenye damu hiyohiyo umesoma 23, nenda nyumbani urudi tena baadae.

2021 jopo la wataalamu wa figo likapendekeza kanuni mpya isiyo na rangi ya mtu, na kuanzia Januari 2023 mtandao wa taifa wa upandikizaji ukaziagiza hospitali zipitie wagonjwa weusi walio kwenye foleni ziwarudishie muda waliopotezewa. Barua zikatumwa. Akaja mzee mmoja wa Kikongo, barua kaikunja mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti iko mfuko wa shati, ananiambia "mtoto yangu, hii barua haiko yangu, iko ya Wamerika weusi, wasiniseme mwizi." Nikamwambia Mzee, kompyuta iliyokuzidishia namba haikukuuliza kama umetoka Bukavu au Alabama. Tukakaa tukatafuta majibu yake ya zamani toka kliniki aliyoanzia, na karatasi zilikuwa zinatoka na mistari miwili kabisa, mmoja wa mtu mweusi mmoja wa asiye mweusi, umbali kati yao ni kidole, na daktari alikuwa anafuata ule wa kwanza. Mratibu wa upandikizaji akazipeleka, Mzee akarudishiwa muda wake. Sasa hiyo "haituhusu" sijui inatokea wapi. Amadou Diallo alikuwa kijana wa Guinea, 1999 polisi wa New York walimmiminia risasi 41 mlangoni kwake Bronx na hakuwa na silaha, hakuna aliyemuuliza kwanza kama kaja na viza.

Ndo maana ukiniuliza uanzie wapi nakwambia anza na makaratasi, mambo ya nani ana roho mbaya yaache kwanza maana hayo utabishana mpaka kesho. Chuo Kikuu cha Richmond wameweka bure mtandaoni ramani za miaka ya 1930 ambazo serikali ilitumia kupanga mitaa ipi ni salama kukopesha pesa za nyumba, tafuta mji unaoishi we mwenyewe. Mitaa ya weusi imepakwa nyekundu, na maelezo yameandikwa pembeni waziwazi bila aibu. Afu ukitoka kazini pita na basi kwenye mitaa hiyohiyo uangalie ikoje leo. Mi nilivyofanya hivyo sikuhitaji semina.

Na soma sheria ya uhamiaji ya 1965 imepatikanaje. Kabla yake mgao wa Afrika nzima ulikuwa kiduchu cha kuchekesha, ilikuja kubadilishwa kipindi kilekile cha sheria ya haki za raia ya 1964 na ya kupiga kura ya 1965, na waliopigwa virungu na kung'atwa na mbwa barabarani wakidai haki hizo hawakuwa baba zetu, ni weusi wa hapa. Grinkadi tunayoringia imepita humo.

Kwenye kufanya, kubwa ni midomo yetu wenyewe. Unaenda kwenye sherehe za Waswahili, chakula kinaliwa, mzee mmoja anaanza "hawa weusi wa hapa wavivu, wana miaka mia nne hapa hawana kitu, mimi miaka kumi nina nyumba." Kumjibu mzee kwa ukali huwezi na haisaidii. Mi namwambia shikamoo mzee, kwani babu zao walivyotoka vita ya pili ya dunia walipewa mkopo wa nyumba kama wanajeshi wenzao? Sheria ya mikopo ile ni ya 1944. Mwaka 1947 kwenye miji 13 ya Mississippi ilitoka mikopo 3,229 ya nyumba, biashara na mashamba, walioipata weusi ni 2. Wawili! Hapo huwa meza inanyamaza kidogo, wengine wanahamia kwenye mpira, sawa tu, ila vijana waliokaa pembeni wamesikia.

Kazini ukibaguliwa au ukiona mwenzio kabaguliwa andika siku hiyohiyo, tarehe, saa, nani kasema nini, nani alikuwepo, na uhifadhi kwenye simu yako binafsi sio kompyuta ya kazini. Malalamiko kwenye tume ya serikali inayosimamia usawa wa ajira yana kikomo, siku 180 toka tukio, majimbo mengi yenye tume yao ni 300, na mwajiri awe na wafanyakazi kuanzia 15. Watu wetu wengi wanakuja kuulizia baada ya mwaka kwasababu walikuwa wanavumilia wasionekane wakorofi. Na tafadhali usimgeuze Mmarekani mweusi wa shifti yako kuwa mwalimu wako wa historia, kaja kazini yule kama wewe.

Ya watoto mashuleni sijayagusa, wangu bado wadogo, wenye watoto wa sekondari waje waseme.