Maswali na Majibu: Utabiri Unaposema Msimu wa Vimbunga Utakuwa Mkali

Kila mwaka, utabiri wa vimbunga vya bahari ya Atlantiki unapotolewa, barua huongezeka katika safu hii, kwa kuwa ni nyumba chache Mombasa zisizo na mtu Florida, Texas au ndani ya meli za utalii zinazotoka Miami. Yafuatayo ni baadhi ya maswali ya wasomaji.

Mwanangu yuko Tampa. Anasema dhoruba za mwaka huu zitazidi kawaida. Nimwambie ahame? (Mama wa Kisauni)

La, Mama, utabiri huo peke yake si sababu ya kuhama. Utabiri wa msimu hukadiria ni dhoruba ngapi zitakazozaliwa katika Atlantiki yote, pamoja na Karibi na Ghuba ya Mexico, kati ya tarehe 1 Juni na 30 Novemba, wala hausemi zitapiga wapi. Kwa wastani wa miaka ya 1991 hadi 2020, msimu mmoja huwa na dhoruba 14 zinazopewa majina. Kati ya hizo 7 hufikia nguvu ya kimbunga, yaani upepo wa kilomita 119 kwa saa au zaidi, na 3 huwa vimbunga vikubwa. NOAA, shirika la Marekani linaloshughulikia bahari na anga, hutoa makadirio yake mwezi Mei na kuyapitia upya Agosti, na halitaji nambari moja bali kiwango cha chini na cha juu, tena kwa uhakika wa asilimia 70 tu, kwa hiyo watabiri wenyewe wamekwisha kukubali kwamba mara tatu katika kumi matokeo yanaweza kuangukia nje. Mwaka 2024 walitabiri dhoruba 17 hadi 25, zikatokea 18.

Lakini wingi wa dhoruba ni jambo moja, na madhara ni jambo jingine. Mwaka 2010 zilizaliwa dhoruba 19, na 12 kati yake zikawa vimbunga, wala hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua Marekani bara. Mwaka 1992, kinyume chake, ulikuwa mtulivu hivi kwamba dhoruba ya kwanza kupewa jina haikutokea mpaka katikati ya Agosti. Hiyo ilikuwa Andrew, ambayo tarehe 24 ya mwezi huohuo ilitua kusini mwa Miami ikiwa ya daraja la tano, la juu kabisa, na kuufyeka mji wa Homestead. Kwa maoni yangu, utabiri wa msimu unamfaa zaidi mwenye kampuni ya bima, au serikali inayopanga akiba ya misaada, kuliko mwenye nyumba moja, ambaye inampasa kujiandaa sawasawa kila mwaka.

Wanajuaje mwezi Mei mambo ya Oktoba? Na El Niño inayotuletea mafuriko huku ina athari gani kule? (Mwanafunzi, Tudor)

Wanatazama kwanza joto la maji, kwa sababu kimbunga huhitaji bahari yenye nyuzi joto 26.5 hivi au zaidi. Halafu wanatazama upepo: wa juu angani ukitofautiana sana na wa chini kwa kasi au mwelekeo, dhoruba huvurugwa kabla haijasimama. El Niño, yaani joto lisilo la kawaida la maji ya Pasifiki karibu na ikweta, huzidisha tofauti hiyo juu ya Atlantiki, na La Niña, maji hayo yanapopoa, huipunguza, na ndiyo maana mwaka ambao vuli yetu inafurika, kule mara nyingi huwa shwari. Mara nyingi, si daima: mwaka 2023 El Niño ilikuwa na nguvu na Mombasa tulifurikiwa mwezi Novemba, lakini Atlantiki ilikuwa na joto la kupita kiasi, na dhoruba 20 zikazaliwa hata hivyo.

Wengi hawajui kwamba vimbunga vingi vikubwa vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yanayosafiri juu ya bara letu kuelekea magharibi, mengine yakianzia upande wa Sudan na nyanda za juu za Ethiopia, mpaka yatokee baharini karibu na Senegal.

Ndugu yangu amenitumia ramani. Mji wake uko nje ya ile koni nyeupe. Amesalimika? (Msomaji wa Likoni)

Hajasalimika bado. Koni huonyesha njia ambayo kitovu cha kimbunga huenda kikapita, na hata kitovu chenyewe hutoka nje yake takriban mara moja katika tatu; upana wa dhoruba haumo kabisa. Septemba 2024 kitovu cha kimbunga Helene kilipita mbali baharini, magharibi mwa Tampa, na bado maji ya bahari yakaingia majumbani huko, kisha mvua yake ikaua watu milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Tuwahimize wafanye nini mapema? (Baba wa Changamwe)

Wajue herufi ya eneo lao: Florida maeneo ya kuhamishwa yamepewa herufi, na A ndilo linaloondoka kwanza. Wakumbuke pia kwamba bima ya mafuriko ya serikali huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, hivyo kuinunua dhoruba ikiwa imekwisha kuonekana ni kupoteza fedha. Wawe na maji, lita nne hivi kwa kila mtu kwa siku, pamoja na dawa, fedha taslimu na pasipoti zilizofungwa katika mfuko usiopenya maji. Jenereta isiwashwe ndani ya nyumba wala kwenye gereji, kwa kuwa moshi wake huua watu waliokwisha kunusurika na upepo. Angalizo, yaani tahadhari ya kwanza, hutolewa saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, na onyo saa 36. Anayengoja onyo ndipo atafute mafuta atakuta foleni.

Ninyi mlioko huku, kubalianeni mapema na ndugu yenu aliye kule ni nani mmoja atakayepigiwa simu, naye awaarifu wengine, kwa sababu simu ishirini kutoka Changamwe humaliza chaji anayoihitaji.

Na sisi wavuvi wa Mombasa, tuna haja ya kuogopa? (Nahodha, Mtwapa)

Tuko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, ambako nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni hafifu, kwa hiyo ni nadra kitovu kutufikia. Kusini yetu si hivyo: Lindi, Tanzania, ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, baada ya msimu wa Bahari ya Hindi, unaoanza Novemba, kuhesabiwa kuwa umekwisha mwishoni mwa Aprili. Siku hizo Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani yetu pia. Onyo kama hilo likija, nahodha, usitoke, na chombo ukivute juu ya alama ya maji ya bamvua, si ya maji mafu, hata kama mwezi unaonyesha kwamba bamvua bado.