Upepo wa Matairi: Namba Moja Haitoshi

SWALI: Ndugu Fundi, ninaendesha Land Cruiser ya watalii iliyorefushwa, yenye viti saba. Gereji wananijazia upepo psi 45 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo) matairi yote manne, wakisema tairi gumu halipati pancha. Mwezi uliopita nilizama mchangani baada ya Engaruka, nikielekea Ziwa Natron, na dereva mwenzangu akanitoa kwa kupunguza upepo tu, bila kamba. Kiwango sahihi ni kipi?
Dereva, Arusha

JIBU: Ndugu dereva, mwenzako alifanya sawasawa, na kiwango kimoja cha kufaa lami, mawe na mchanga hakipo. Anzia kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, kinachoonyesha upepo uliopendekezwa na mtengenezaji wa gari, wala usikichanganye na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ambayo inahusu mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaruhusiwa kubeba. Hata hivyo kibandiko chako kiliandikwa kabla chasi haijarefushwa. Siku umejaza wageni, mizigo na mafuta, pima ekseli ya nyuma peke yake kwenye mizani, kisha mwombe muuza matairi jedwali la mtengenezaji linaloonyesha upepo unaolingana na uzito huo.

Pima alfajiri kabla gari halijatembea, halafu pima tena baada ya nusu saa ya safari. Ongezeko la psi 4 hivi ni la kawaida. Likifika 8, madereva wengi hudhani upepo umezidi na kuutoa, kumbe ulikuwa mdogo tangu mwanzo: ubavu wa tairi unakunjika na kunyooka katika kila mzunguko, na huko kukunjika ndiko kunakozalisha joto. Ukiutoa wakati huo, unaliandaa tairi lipasuke.

Kuhusu pancha, sikubaliani na gereji yako. Tairi gumu halibonyei juu ya jiwe, kwa hiyo ncha ya jiwe hupata nafasi ya kulichana. Kwenye changarawe punguza upepo kwa karibu robo, na mwendo nao uushushe. Mchangani shuka hadi psi 18, uende polepole bila kukata kona kali, kwa sababu chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Chuchumaa ulitazame wakati upepo unatoka: sehemu inayogusa ardhi hurefuka mbele na nyuma zaidi ya inavyotanuka pembeni, mfano wa mnyororo wa tingatinga, na ndiyo maana gari huelea badala ya kuchimba. Kwenye tope jeusi la mbuga faida hiyo ni ndogo, kwani meno ya tairi hujaa udongo na kuteleza.

Ninalokusihi kuliko yote ni kutokimbia kwenye lami kabla hujarudisha upepo, hata kama giza linaingia, maana nyuma yako wamekaa watu. Beba kompresa na geji yako mwenyewe. Kompresa ndogo inaweza kuchukua nusu saa kujaza matairi yote manne, hivyo waambie wageni mapema, mkiwa bado Mto wa Mbu, kwamba mtasimama.