Filta ipo, inazunguka, mbona samaki wanakufa?

SWALI: Mambo vipi, nimenunua tangi dogo la lita 40 na filta ya kuning'inia pembeni, nikajaza maji ya bomba na jioni ileile nikatia samaki sita. Siku ya tatu maji yakawa meupe kama yana maziwa, nikamwaga yote, nikaosha kila kitu mpaka sponji ya filta nikaisugua na sabuni. Sasa wamebaki wawili wanahemea juu juu. Aliyeniuzia alisema filta ikiwepo hamna shida, nimekosea wapi?

JIBU: Pole ndugu yangu, huyo muuzaji kakupa habari nusu. Filta mpya inachuja takataka tu, sumu yenyewe haiioni. Samaki anatoa amonia muda wote, na chakula kinachobaki chini kikioza kinaongeza nyingine, na amonia huwezi kuiona, maji yanaweza kuwa safi kabisa huku samaki anaungua mashavu. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoota kwenye sponji: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, halafu lingine linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo. Hao bakteria kukamilika inachukua kama wiki 4 mpaka 6, sasa wewe uliwatangulia kwa wiki zote hizo na walipoanza anza ukawapiga sabuni.

Ule weupe ni bakteria wa aina nyingine wanaofumuka kwenye tangi jipya, unaondoka wenyewe, uache.

Hao wawili waokoe leo. Toa nusu ya maji, weka mengine yenye joto lilelile yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, ile ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba (kuyaacha ndooni saa 24 kunasaidia kama ni klorini ya kawaida, ila kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia, haitoki hivyo), kesho pima, amonia au nitriti ikionekana badilisha tena. Chakula punje chache tu. Kama kuna mtu ana tangi la zamani lenye samaki wazima mpe akutunzie, na muombe kipande cha sponji yake chafu ukiweke kwenye filta yako, hiyo inapunguza kusubiri kuliko chupa yoyote ya bakteria ya dukani kwa maoni yangu.

Tangi likibaki bila samaki ndo unalikomaza vizuri, yaani unaotesha hao bakteria kwanza kwa kuwalisha amonia. Tafuta amonia isiyo na sabuni wala manukato, tikisa chupa, povu likigoma kuisha achana nayo. Tia tone kwa tone huku unapima mpaka ifike kama miligramu 2 kwa lita. Nunua kipimo cha matone, kile cha kichupa cha kioo, vingi vyake rangi ya njano ni hamna amonia na ikienda kijani ipo. Siku za mwanzo itakaa kijani tu mpaka uchoke, halafu amonia inashuka na nitriti inapanda, hapo watu wengi wanashangilia mapema wanatia samaki, usithubutu. Ukitia amonia leo na kesho saa kama hiyo zote mbili zikasoma sifuri, badilisha maji mengi kupunguza nitrati, kisha anza na samaki wadogo wawili watatu. Samaki wa dhahabu hapana, anakua sana na anachafua mno kwa lita 40.

Sponji ikiziba ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi. Bomba hapana, sabuni ndo usahau kabisa.

SWALI: Usiku nazima filta kelele inaninyima usingizi, ina madhara?

JIBU: Ndio. Bakteria wanahitaji oksijeni, maji yakisimama humo ndani masaa mengi wanaanza kufa. Hizo za kuningʼinia kelele mara nyingi ni maji kuporomoka kutoka juu, ongeza maji mpaka yakaribie mdomo wa filta. Ikiendelea kunguruma toa kile kisumaku kinachozunguka, utakuta mchanga umenasa.