Tovuti ya biashara yako ianze na maswali ya wageni wako

Mwaka wangu wa kwanza wa kutengeneza tovuti nilipewa kazi na bibi mmoja mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano, Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Nilijifungia mjini, Mlandege, wiki tatu nikiijenga, kisha nikapanda daladala kwenda kumwonyesha. Tukakaa barazani. Nilitoa kompyuta yangu, lakini yeye akachukua simu yake akaifungua humo. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Akanitazama: "Mwanangu, mbona haifunguki?" Nikamwambia ni mtandao. Akasema, "Mtandao ndio huu. Sina mwengine."

Alikuwa na haki. Juu ya ukurasa wa mwanzo nilikuwa nimeweka picha saba zinazopishana zenyewe, kila moja kama ilivyotoka kwenye kamera, megabaiti sita hivi. Saba mara sita ni megabaiti 42 kabla mgeni hajasoma neno hata moja. Mtu aliye ofisini kwake Milano pengine hatahisi kitu. Mtu aliyeshuka boti Malindi, bandarini mjini Unguja, na mkoba mgongoni, ana kibando kidogo na anatafuta namba ya dereva, kwake hiyo tovuti haipo.

Siku ile ile nilizipunguza. Picha moja badala ya saba, upana wa pikseli 1600, imehifadhiwa kwa WebP, muundo wa faili nyepesi za picha, chini ya kilobaiti 200. Kwa macho huoni tofauti. Zana za kupunguza picha ziko tele na nyingi ni za bure, kwa hiyo ukiona fundi anakupandishia picha nzima nzima kutoka kwenye kamera, mwambie asimame kwanza. Na jua kwamba Google nayo inapopima tovuti hutazama jinsi inavyoonekana kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Lakini picha hazikuwa kosa langu kubwa. Tukiwa pale barazani simu ya yule bibi ililia mara tatu, na mara zote tatu nilimsikia akijibu mambo yale yale: kutoka uwanja wa ndege mpaka Jambiani ni bei gani, chai ya asubuhi imo kwenye bei ya chumba au haimo, na bahari inapwa saa ngapi. Nikafungua tovuti niliyomjengea. Ukurasa wa mwanzo uliandikwa "Karibu Peponi", chini yake aya nne za historia ya ukoo na nyumba ilivyojengwa. Maswali yale matatu hayakujibiwa popote. Nilikuwa nimemjengea kitu kizuri kisichompunguzia kazi hata ya simu moja.

Tangu hapo sikubali kazi kabla mwenye biashara hajanipa daftari. Namwambia kwa wiki mbili aandike kila swali analoulizwa na wateja, kwa simu, kwa WhatsApp au mlangoni, kwa maneno yao wenyewe. Swali lililojirudia mara nyingi zaidi ndilo linalokwenda juu kabisa. Menyu ya tovuti hutoka humo humo kwenye daftari. Watu hawatafuti "Huduma Zetu" wala "Dira na Dhamira". Wanatafuta vyumba na bei, jinsi ya kufika, na namba ya kupiga.

Kwenye bei ndipo ninapogombana na wateja wangu zaidi. Wengi hawataki kuiandika. Wanaogopa jirani ataiona ashushe yake, au wanataka mgeni apige kwanza ili wamsikie ni mtu wa namna gani. Naielewa hofu hiyo, lakini mgeni anayepanga safari akiwa na nyumba kumi mbele yake hapigi simu kumi. Zile zisizo na bei anazipita. Iandike bei, useme inahusu nini na nini hakimo, na kama unashusha wakati wa masika, mwezi wa Aprili na Mei, andika bei ya masika pembeni yake. Watu wa Dar es Salaam wanaotafuta mapumziko ya bei nafuu watakushukuru.

Sasa nije kwenye bahari, kwa sababu hapo pana somo kubwa kuliko picha na bei. Ukanda wetu wa mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu, maji yanapopwa huondoka mbali mno. Picha za tovuti zote hupigwa maji yamejaa, rangi ya samawati mpaka mlangoni. Mgeni anafika saa 7 mchana anakuta mchanga mtupu, madau yamelala ubavu, na akina mama wamo kwenye mashamba yao ya mwani. Anahisi kadanganywa. Yule bibi alikuwa na lawama mbili za namna hiyo ziko wazi mtandaoni, kila mtu anazisoma.

Nilimwomba anieleze bahari kama anavyomweleza mgeni aliyekaa naye barazani, nikaandika kama alivyosema. Kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana, ndiyo maana hawezi kukuandikia saa moja ya kuogelea kwa wiki nzima. Kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, na siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Kwamba maji yakipwa si hasara, atakutembeza kwa miguu uone mwani unavyofungwa kwenye kamba. Tukaweka picha mbili sambamba, pwani ile ile, maji yamejaa na maji yamepwa. Nilihofia tutawafukuza watu. Kilichotokea ni kwamba wageni walianza kuandika kabla ya kuja wakiuliza ni siku gani nzuri ya kutembea na akina mama wa mwani. Lawama ya bahari haikuandikwa tena.

Kwa hiyo usimfiche mgeni jambo atakalolikuta kwa macho yake. Kama mwadhini wa alfajiri yuko jirani, sema. Kama nyumba iko Mji Mkongwe na gari haifiki mlangoni, sema, na umweleze njia: ashuke Darajani, akamate kichochoro kipi, apite wapi, nani atamtokea kumchukulia mizigo. Alama ya kwenye ramani peke yake haitoshi kwenye vichochoro vyetu. Mimi mwenyewe, mtoto wa mjini, imewahi kunipeleka kwenye ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu sisi watu wa Kiswahili, na mafundi wa nje hawalijui: saa. Mwenye biashara mmoja wa kutembeza wageni kwenye mashamba ya viungo, upande wa Kizimbani, aliniandikia, "Tunaondoka Darajani saa 3." Ukurasa wa Kiingereza niliutafsiri mimi usiku, nimechoka, nikaandika 3:00. Mume na mke kutoka Ujerumani wakafika Darajani saa 9 alasiri, wamevaa kofia na viatu vya shamba. Gari ilikuwa imeondoka tangu asubuhi. Kosa lilikuwa langu, na mwenye biashara ndiye aliyerudisha pesa na kuomba radhi kwa watu waliosimama juani. Mpaka leo nikiandika saa naisoma mara mbili kwa sauti. Kwenye Kiswahili iandike "saa 3 asubuhi" na usiliache neno asubuhi. Kwenye lugha nyingine andika 9:00, na ikiwa ni alasiri andika 15:00 ili pasiwe na shaka. Kwenye fomu usimwachie mgeni kisanduku kitupu ajaze saa mwenyewe, mpe machaguo yaliyokwisha andikwa.

Namba ya simu nayo ina hila zake. Sifuri ya mbele humfaa mtu wa hapa tu. Anayepiga kutoka nje anahitaji +255, na sifuri inaondoka. Kiungo cha WhatsApp huanza na 255 bila alama ya kujumlisha. Na namba iwe maandishi yanayobonyezeka, isiwe imechorwa ndani ya picha. Nimeona tovuti ya hoteli nzuri kabisa ambayo mgeni analazimika kutafuta karatasi ainukuu namba. Mimi kitufe cha kupiga na cha WhatsApp naviweka chini ya skrini, pale kidole gumba kinapofika, na navifanya vikubwa, pikseli 48 au zaidi, maana anayebonyeza yumo ndani ya daladala inayoruka mashimo.

Kuhusu rangi nitasema kidogo tu. Samawati ya bahari juu ya nyeupe ya mchanga inapendeza kwenye chumba chenye kivuli. Toka nje saa 7 mchana usimame juani uisome. Kiwango kinachotumika duniani ni kwamba mwanga wa rangi ya maandishi ya kawaida utofautiane na wa rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kuna vipimo vya bure mtandaoni vitakavyokupa jibu.

Si kila biashara inahitaji kurasa nyingi. Kuna kijana Wete, Pemba, anauza halua, wateja wake wako Unguja na Dar es Salaam. Nilimtengenezea ukurasa mmoja kwa Kiswahili: aina za halua, uzito, bei, siku anazopakia mzigo kwenye meli, kitufe cha WhatsApp. Hakuna kingine, na hajaniomba kuongeza kitu. Alitaka pia fomu yenye kuuliza jina kamili, anwani na namba ya kitambulisho, nikamkatalia. Usichokihitaji usikiulize, maana ukishakikusanya ni amana.

Tafadhali sana, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako na kwa barua pepe yako. Mwenye hoteli mmoja wa Nungwi alikuja kwangu analia. Fundi wake wa zamani alisajili jina kwa jina lake yeye, akahama, hapokei simu. Muda wa malipo ya mwaka ukapita na jina likachukuliwa na mtu mwengine. Vipeperushi, mashati ya wafanyakazi, bango la barabarani, vyote vilikuwa na jina ambalo si lake tena. Kama jina lako linaishia na .co.tz, linasajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa, na wewe mwenye biashara una uwezo wa kulisajili na kulilipia mwenyewe. Fundi mpe ruhusa ya kufanya kazi tu. Nywila ziandike, uziweke mahali ambapo na mwanao au mkeo anapajua.

Kabla ya kuitangaza, ijaribu kwa watu ambao hawajawahi kuiona. Jakob Nielsen, aliyetumia umri wake kuchunguza jinsi watu wanavyotumia kompyuta, alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya matatizo. Mimi nimeona hata wawili wanafaa. Wape kazi, kama "tafuta chumba cha watu watatu na bei yake," kisha ufunge mdomo. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu, mkono unawasha kutaka kumwonyesha.

Ile ya Jambiani niliijaribu mara ya pili kwa ami yangu, dereva wa gari ya shamba, mtu wa miaka 60 na kitu. Nilimkuta akinywa kahawa Jaws Corner, nikampa simu nikamwambia atafute bei ya chumba. Akaigusa picha ya kitanda. Haikutokea kitu. Akaigusa tena, kwa nguvu zaidi, halafu akanirudishia simu: "Hii imeganda." Haikuganda. Bei ilikuwa kwenye kitufe kidogo chini ya picha, na yeye macho yake yalikuwa kwenye kitanda. Usiku ule niliigeuza kila picha ya chumba iwe kiungo cha kwenda kwenye bei yake, na asubuhi nikarudi na simu pale pale kwenye kahawa.