Umeombwa kuingia kwenye bodi? Omba hesabu kwanza

Juzi binti mmoja wa Minneapolis ameniandikia: "Shikamoo dada. Kituo cha sanaa cha Walatino mtaani kwetu, mwanangu anapojifunza ngoma, wameniomba niwe mjumbe wa bodi. Mimi Mkenya, Kihispania sijui. Nikubali?"

Marahaba mdogo wangu. Jibu fupi ni kwamba ukubali. Jibu refu ni miaka yangu sita ya Chicago, na leo sina nia ya kulifupisha.

Niliingia kwenye bodi ya kituo kama hicho mwaka 2017. Kituo sikitaji, kiko Pilsen, kitongoji cha Chicago, si mbali na Mtaa wa 18. Pilsen walianza Wacheki wakaipa jina la mji wao wa Plzeň, kisha Wamexico wakaijaza miaka ya 1960, wengi wao baada ya nyumba zao kubomolewa kupisha chuo kikuu. Binti yangu alikuwa anajifunza baile folklórico pale, zile ngoma za sketi pana zinazozungushwa mpaka mtazamaji ndiye anayeona kizunguzungu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki namsubiri. Siku moja mtu akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mhasibu. Wiki mbili baadaye nilikuwa mjumbe wa bodi, na haikupita miezi mitatu nikawa mweka hazina.

Niliona fahari, nisidanganye. Nikapiga simu Tanga: "Mama, mwanao yuko kwenye bodi Marekani." Mama akauliza, "Posho ya kikao shilingi ngapi?" Nikamweleza kwamba posho hakuna, tena kila mjumbe anatakiwa atoe au atafute dola 500 kwa mwaka. Mama akanyamaza kidogo, akaniuliza kama huko mvua zimenyesha.

Ndoto yetu ilikuwa kuwa kama National Museum of Mexican Art, iliyo humohumo mtaani. Ilianzishwa mwaka 1982 na walimu wakiongozwa na Carlos Tortolero, mkononi wana dola 900. Wakafungua milango mwaka 1987 ndani ya Harrison Park, na mpaka leo kuingia ni bure. Hakipiti kikao bila mtu kuitaja. "Wenzetu walianza na dola 900!" Sisi tulikuwa na ngapi, hapo hakuna aliyeuliza.

Nikauliza mimi. Nilikaa na mafaili wikiendi tatu, nikakuta ruzuku ya dola 8,000 iliyotolewa kwa ajili ya viatu na walimu wa watoto imelipia pango na gesi ya kupasha jengo joto. Hiyo ni pesa yenye masharti. Mfadhili akisema viatu ni viatu. Basi siku ya kikao nikaja na projekta. Nikawasha, nikaonyesha safu kwa safu, na yule mama mwanzilishi, ambaye kila mtu anamwita Doña, yaani bibi kwa heshima, amekaa mbele yangu mikono mapajani. Wajumbe kumi na mmoja, hakuna aliyekohoa. Halafu mazungumzo yakahamia Kihispania. Changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini neno "contadora", yaani mhasibu, nililisikia, na neno "africana" nililisikia.

Nilirudi nyumbani nalia kwenye gari. Najitolea usiku wangu, napigania viatu vya watoto wao, halafu naitwa mgeni? Mpaka leo nikilikumbuka kifua kinabana.

Lakini nami nilikuwa na langu. Doña alikuwa na miaka sabini na kitu. Hivi Tanga ningeweza kumsimamisha mama wa umri ule mbele za watu nikamsomea makosa yake ukutani? Ningekwenda kwake jioni, nibishe hodi, ninywe chai, nizunguke na habari za wajukuu kwanza. Huku nilijisahau, nikadhani bodi ni bodi na adabu niliiacha uwanja wa ndege.

Ilipita karibu mwaka tukisalimiana kwa kichwa. Hatimaye nikaenda. Akanipa kahawa yenye mdalasini, hakusema neno, akaingia chumbani akatoka na boksi la viatu. Ndani mna risiti. Majira ya baridi matano mfululizo alikuwa akijazia bili ya gesi kwa pensheni yake, na hakuna hata senti iliyoandikwa kwenye vitabu. Nilijumlisha palepale mezani: dola 6,340. Kituo kilikuwa kinamdai maelezo, kumbe yeye ndiye anayekidai kituo.

Niliomba radhi, ingawa hesabu zangu zilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Tulimwandikia mfadhili kabla hajatuuliza. Alituruhusu kubadili matumizi ya sehemu ya ile pesa, iliyobaki tukairudisha kwenye madarasa kwa miezi kumi na minne. Deni la Doña liliingia kwenye kumbukumbu za kikao, akaanza kulipwa kidogo kidogo. Miaka ya korona nairuka, ilikuwa Zoom tupu.

Sasa wewe wa Minneapolis. Omba Fomu 990 za miaka mitatu, yaani ripoti ambayo shirika lisilo la faida huwasilisha kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Ni nyaraka ya wazi, mtu yeyote ana haki ya kuiona, kwa hiyo usijisikie mmbea. Shirika dogo lenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza ile fupi isiyo na hesabu ndani, hapo omba vitabu vyenyewe. Na shirika lisilowasilisha miaka mitatu mfululizo hupoteza msamaha wa kodi papo hapo, bila kuitwa wala kubembelezwa. Soma hesabu.

Uliza pia jengo ni la nani. Pilsen kulikuwa na Casa Aztlán, kituo cha jamii kilichojaa michoro ya ukutani. Jengo likawatoka mikononi, na mwaka 2017 mmiliki mpya akaipaka michoro ile rangi ya kijivu. Watu walipolalamika, mchoraji Ray Patlán aliitwa kuchora upya, lakini ukuta ulikuwa tayari wa mtu mwingine. Kwa hiyo soma mkataba wa pango, na hesabu soma tena.

Jifunze Kihispania cha kikao, angalau kujua saa ngapi unasemwa. Na kaa na wale akina mama wanaouza tamales kuchangisha pesa, maana wao wanajua kituo kina hali gani kabla ya mweka hazina. Jamani, tusikae kwenye bodi kama maua ya mezani! Tunapenda kuandika "mjumbe wa bodi" kwenye wasifu, tunapenda picha, lakini kikao cha bajeti tuko wapi? Foleni?

Muhula wangu wa pili uliisha 2023. Mlangoni wameweka kibao cha majina ya waliowahi kuwa wajumbe. Langu lipo, limekosewa herufi mbili. Nimewaambia mara mbili. Doña ndiye aliyechukua kalamu nyeusi akalisahihisha kwa mkono, limekaa upande upande.

Ukizipata hizo 990, nitumie nami nizione. Anza na ukurasa wa matumizi.