Refa kakosea au mechi imeuzwa?

SWALI: Nachezea timu ya daraja la chini hapa Morogoro. Refa akitoa penalti ya ajabu, jukwaani wanapiga kelele kwamba mechi imeuzwa. Ninyi mnaofuatilia mienendo ya kubeti mnatofautishaje kosa la kawaida na mpango?

JIBU: Ndugu yangu, kwa macho peke yake hatutofautishi. Refa mwaminifu naye hukosea, tena vibaya. Tunachotazama ni fedha ilikuwa inakwenda wapi kabla ya kosa lenyewe.

Odds, yaani namba ambayo dau lako huzidishwa nayo ukishinda, zina mwendo wake mechi inapoendelea. Chukua ya "magoli zaidi ya 2.5", yaani magoli matatu au zaidi. Mechi ikiwa bado 0-0, kila dakika inayopita huipandisha, maana muda wa kufunga unapungua. Kompyuta inakokotoa ilipaswa kuwa ngapi dakika ya 10, ya 20, ya 30. Sasa hakuna kadi nyekundu, hakuna kipa aliyeumia, hata shuti la maana halijapigwa, lakini odds imegoma kupanda au inashuka kabisa. Hapo kuna watu wanamwaga fedha kwenye magoli mpaka kampuni ya kubeti imeanza kujihami. Swali letu linakuwa moja: wamejua nini?

Novemba 12, 2016, mjini Polokwane, Afrika Kusini ilicheza na Senegal kuwania kufuzu Kombe la Dunia. Dakika ya 42 mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini, refa Joseph Lamptey wa Ghana akaamuru penalti kwamba ameunawa. Kabla ya mapumziko likaingia la pili, na mechi ikaisha 2-1. Marudio ya video yalionyesha kosa, lakini nia hayakuweza kuionyesha. Takwimu za kubeti ndizo zilizoziba pengo hilo. FIFA ilimfungia maisha mwaka 2017, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaridhia kwamba maamuzi yake yalilenga kupata idadi fulani ya magoli ili mikeka fulani itiki. Mechi ikarudiwa, Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Urusi.

Zingatia hilo la idadi ya magoli. Mpangaji wa matokeo hana haja ya kununua wachezaji 11, wala hajali sana nani ashinde. Timu dhaifu inayotarajiwa kufungwa moja, ikifungwa tatu, inamtosha. Beki mmoja na kipa wanaweza kuifanya kazi hiyo. Mchezaji huambiwa "si mtafungwa tu hata hivyo?" na wengi wamenaswa kwa maneno hayo. Fedha yenyewe mara nyingi hupitia masoko ya Asia yanayopokea dau kubwa kupitia mawakala, kiasi kwamba mwenye fedha haonekani.

Lakini odds peke yake hazimfungi mtu. Habari ya mshambuliaji kuugua ikivuja kambini, odds zitayumba vilevile bila hila yoyote. Ndiyo maana tunakagua na akaunti za wanaobeti: zimefunguliwa lini, ngapi zimeweka dau la juu kabisa ndani ya dakika moja, kwenye mechi ambayo kwa kawaida haina wateja.

Linaloniumiza ni jambo jingine. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne wa Kakamega Homeboyz ya Kenya, mmoja maisha, watatu miaka minne minne. Waadhibiwe, sawa. Ila kwenye ligi zetu mchezaji anaweza kumaliza miezi bila mshahara, na mpangaji anajua ni klabu ipi haijalipa. Programu za kufuatilia odds tunanunua kwa bei kubwa, lakini mshahara kulipwa kwa wakati ungezuia mengi zaidi.

Na kwa kuwa wewe ni mchezaji: kanuni za FIFA zinakukataza kubeti kwenye soka, na zinakulazimisha kuripoti ukifuatwa. Kunyamaza nako ni kosa, hata kama hela hukuigusa. Ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo, usiufute na usibishane na aliyeutuma. Piga picha ya skrini pamoja na namba yake, kisha peleka kwa shirikisho siku hiyohiyo. Ukiwa na wasiwasi na viongozi wa hapa nchini, FIFA ina njia ya siri ya kuripoti kwenye tovuti yake.